Munganga Matthew Lukwiya, aliyebaki na wagonjwa wake

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili mnaotusaidia kutoka karibu na kutoka mbali,

Katika ukurasa huu tumezoea kuweka maisha ya mtu aliyekwisha kufa, ambaye kazi yake inaweza kutuongoza katika kazi yetu. Safari hii tumemchagua munganga wa Uganda, Matthew Lukwiya, aliyekufa karibu na mji wa Gulu tarehe 5 Desemba 2000. Hakuwa mtu wa Katanga. Lakini ugonjwa uliomuua ulipewa jina la mto wa inchi yetu, Ebola, na swali ambalo maisha yake yanajibu njo lile linalorudi kila mara tunapokutana hapa Lubumbashi: hawa watu wanaokuja kutusaidia, wanakuja na roho safi ao wanakuja kutafuta feza?

Swali hilo si matusi. Wanachama wetu waliokaa Zambia miaka mingi, katika kambi za Meheba, Kala ao Mwange, waliona wasaidizi wa kila namna. Walimwona yule aliyeshuka katika jeep, akapiga foto, akaandika majina ya watu katika daftari na hakurudi tena. Walimwona pia yule muuguzi aliyekesha na mtoto mwenye homa mpaka asubuhi, na mtoto hakuwa wake. Waliporudi Katanga, waliwakuta watu wa namna zote mbili huku pia. Basi mtu aliyepita pale ana haki ya kuuliza.

Siku hizi swali limeingia ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mnajua kwamba chama kina wajitoleaji wanaotembelea wagonjwa katika makartie: wanamfuata mwenye kifua kikuu asiache dawa, wanamwangalia mama aliyezaa na ambaye bado amezuiliwa hospitalini juu ya deni. Katika mkutano wa mwisho wajitoleaji hao waliomba feza ya taksi na glavu za mikono. Maneno yakapanda. Wamoja walisema kwamba anayeomba feza hana roho ya kusaidia, aache wengine wafanye. Wengine walijibu kwamba tumbo halijui kujitolea. Tangu siku ile wajitoleaji wawili hawajarudi kazini. Mbele ya kukutana tena, tunaomba kila mmoja asome maisha haya polepole.

Mtoto wa Kitgum

Lukwiya alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 upande wa Kitgum, kaskazini ya Uganda, katika kabila la Waacholi. Baba yake alikuwa muuza samaki. Mtoto alipofika miaka 12, baba alikufa maji, na mama akabaki peke yake na watoto wanaume wanne. Mama huyo alikuwa mchuuzi mdogo. Alivusha majani ya chai mpaka upande wa Sudan bila kuwapitia watu wa forodha, akarudi na sabuni. Alitaka watoto wake nao wajifunze njia hiyo, sawa na vijana wetu wanaovusha unga kwa kinga pale Kasumbalesa. Kwa mjane mwenye watoto wanne, hiyo njo ilikuwa akili ya kuishi.

Lakini mtoto Matthew alikuwa na kichwa cha masomo. Alikuwa wa kwanza darasani, akawa wa kwanza katika wilaya, na katika mtihani wa mwisho wa sekondari akashinda wenzake wa inchi nzima. Alisoma kwa msaada wa masomo mpaka akatoka munganga. Tunataka msomaji ashike jambo hili: Lukwiya alijua umaskini tangu utoto. Feza aliijua kazi yake, kwa sababu aliona nyumba inavyokaa ikikosekana.

Hospitali ya Lacor

Mwaka 1983 alifika katika hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kufanya mazoezi ya mwisho ya kazi ya unganga. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari Wakomboni mwaka 1959. Tangu 1961 ilikuwa mikononi mwa munganga Mwitalia Piero Corti na mke wake Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada. Wawili hao walikuwa wanatafuta Mwafrika wa kuwarithi. Haikupita miezi mingi wakaona kwamba kijana huyu njo mwenyewe.

Baadaye kidogo vita viliingia kaskazini ya Uganda, na havikuondoka kwa karibu miaka 20. Lacor ilipokea waliopigwa risasi, waliokatwa, waliolipuliwa na mabomu ya ardhini. Teasdale aliwapasua majeruhi hao mmoja kwa mmoja, na katika kazi hiyo alijikata kwa mifupa na visu vya upasuaji. Hivyo njo alivyopata virusi vya ukimwi. Aliendelea na kazi miaka mingi akiwa mgonjwa, akafa tarehe 1 Agosti 1996. Lukwiya aliyaona hayo yote kwa macho. Hakuna mtu aliyepaswa kumweleza kwamba kazi ya kuponya inaweza kumuua anayeponya.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989 waasi wa Joseph Kony waliingia hospitalini wakitaka kuchukua masista. Lukwiya aliwasimamia akawaambia wamchukue yeye. Wakamchukua. Alizunguka nao porini wiki nzima akiwa na koti lake la munganga, mpaka wakamwachilia. Aliporudi, alifungua milango ya hospitali kwa watu wa vijiji. Kila jioni maelfu walikuja na mikeka na watoto, wakalala ndani ya kuta, na asubuhi wakarudi mashambani. Wanachama wetu waliokimbia usiku kutoka Pweto, Moba ao Mitwaba wanajua lupango lenye ukuta ni kitu gani usiku wa vita.

Mwaka 1990 alikwenda Uingereza, katika shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, kusomea magonjwa ya watoto. Alifaulu kwa alama za juu kabisa, na wakamwomba abaki awe mwalimu. Hakukubali. Alirudi Lacor, mahali ambapo usiku ulikuwa bado na milio ya bunduki, na akaendelea kuongoza hospitali. Tunajua kwamba wengi kati ya vijana wetu waliosoma wanatafuta mlango wa kutoka, na hatuwahukumu. Tunasema tu kwamba mlango wa Lukwiya ulikuwa wazi kabisa, na alirudi.

Oktoba 2000

Mwishoni mwa miaka ya tisini alihamia Kampala na mke wake na watoto wao watano, juu ya masomo mengine tena, ya afya ya jamii, katika chuo kikuu cha Makerere. Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2000 simu ililia. Mwenzake wa Lacor alimweleza kwamba ugonjwa usiojulikana unaua watu, na kati ya waliokufa ni wanafunzi wa uuguzi wa hospitali. Jioni ileile Lukwiya alikuwa amefika Lacor.

Usiku huo hakulala. Alikaa na sista aliyekuwa akisimamia hospitali, wakasoma karatasi za wagonjwa moja kwa moja: homa, kutapika, damu, kifo. Akarudi kwenye maandishi ya OMS juu ya homa za kutoka damu. Hapo njo Kongo inaingia katika historia hii. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit: watu 315 waliugua na karibu 250 walikufa. Wafanyakazi wengi wa hospitali walikuwa kati yao, pamoja na masista sita Waitalia wa shirika la Maskini la Bergamo, waliowauguza wagonjwa bila kujua wanauguza nini. Kutokana na mateso yale, OMS na wataalamu wa Marekani walitoa mwaka 1998 kitabu cha kuonyesha namna hospitali ya Afrika, hata ile yenye uwezo mdogo, inaweza kuwatenga wagonjwa na kuwalinda wafanyakazi. Wafu wa Kikwit walikuwa wameacha mafundisho. Lukwiya aliyashika.

Hakungoja karatasi ipande ngazi zote za ofisi. Alipiga simu moja kwa moja kwa wakubwa wa wizara ya afya kule Kampala. Damu ya wagonjwa ikatumwa Afrika Kusini kupimwa. Na mbele ya jibu kurudi, alikwisha kufungua chumba cha kutenga wagonjwa, akawafundisha wauguzi kuvaa glavu pea mbili, maska, buti, aprani na miwani, na namna ya kuvua vitu hivyo bila kujigusa. Jibu lilipokuja katikati ya mwezi, ilikuwa Ebola kweli. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza.

Waliofanya kazi katika chumba kile waliingia kwa kujitolea. Lukwiya mwenyewe alikuwa anaingia kila siku. Alitoa mfano wa namna ya kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumzika. Hakukaa ofisini akiwatuma watoto wa wengine.

Siku wafanyakazi walipochoka

Hata hivyo wauguzi walianza kufa. Kwa mwisho wa Novemba vifo vya wafanyakazi vilifuatana siku kwa siku, na woga ukajaa hospitali nzima. Mamia ya wafanyakazi walikusanyika wakasema basi, imetosha, hospitali ifungwe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto nyumbani, na majirani walikwisha kuanza kuwakimbia njiani kama watu wenye laana.

Lukwiya alikuja mbele yao. Hakuwatukana, hakuwaita wasaliti. Aliwaambia kwamba anayetaka kwenda aende, lakini yeye atabaki mpaka ugonjwa uishe ao mpaka afe. Aliwakumbusha siku za waasi na namna walivyozipita pamoja. Maneno yalichukua masaa mengi. Mwishoni wafanyakazi waliimba, na hospitali haikufungwa.

Sisi tunaofanya kazi ya tereni tumefikiri sana juu ya siku ile. Kwa nini walimsikiliza? Mtu mwingine angeweza kusema maneno yaleyale na wangemcheka. Walimsikiliza juu walimjua miaka 17. Walijua nani alikwenda na waasi ili masista wabaki. Walijua nani aliacha Liverpool. Kila asubuhi walimwona ndani ya chumba kile, akiwa amevaa sawa nao na akishika wagonjwa sawa nao. Alipowaomba wabaki, alikuwa anawaomba kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukitoa.

Miwani

Siku chache mbele ya mkutano ule, tarehe 20 Novemba, karibu na mapambazuko, walimwamsha. Muuguzi mmoja wa hospitali, aliyekuwa amelazwa katika chumba cha Ebola, alikuwa anahangaika vikali, anatoka damu, anang'oa vitu vilivyomsaidia kupumua. Lukwiya alivaa haraka: maska, kofia, gauni, aprani, glavu, buti. Miwani hakuivaa. Alimshika yule kijana, akamsafisha, akamtuliza. Kijana alikufa asubuhi ile.

Baada ya siku sita, Lukwiya alipata homa. Kipimo kilionyesha Ebola. Aliomba alazwe katika chumba kilekile pamoja na wagonjwa wengine, bila nafasi ya pekee. Mke wake alikuja kutoka Kampala, akaruhusiwa kumkaribia akiwa amevaa mavazi ya kujilinda. Lukwiya aliomba kwa Mungu kwamba kama ni lazima afe katika kazi hii, basi awe wa mwisho kufa. Alikufa usiku wa tarehe 5 Desemba 2000. Alikuwa ametimiza miaka 43.

Walimzika upesi, watu wakisimama mbali, pale katika uwanja wa hospitali karibu na kaburi la Lucille Teasdale. Pamoja naye, wafanyakazi 13 wa Lacor walikufa na Ebola. Ugonjwa ulitangazwa kuisha mwezi Februari 2001. Katika Uganda nzima watu 425 walikuwa wameugua na 224 walikufa. Mnaona tofauti na Kikwit: kule karibu wanane katika kila kumi walikufa, huku karibu nusu waliokoka. Aina ya virusi haikuwa ileile, na hiyo ni sababu moja. Lakini wanganga wengi wanakubali kwamba ule upesi wa siku za kwanza pale Lacor uliokoa watu wasiohesabika.

Kwetu sisi

Hospitali kubwa ya mji wetu inabeba jina la Jason Sendwe. Kila siku tunasema twende Sendwe, na wachache wanakumbuka kwamba mbele ya siasa mzee yule alikuwa asistanti wa munganga, cheo ambacho Mkongomani hakuweza kukipita katika kazi ya unganga wakati wa Wabelgiji. Majina ya wakubwa yanaandikwa juu ya kuta. Wafanyakazi 12 waliokufa pamoja na Lukwiya hawajulikani huku kwetu hata kwa jina moja. Nao waliingia katika chumba kilekile, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko yake. Tunapomsifu munganga tuwasifu na wao.

Sasa turudi kwenye swali la mkutano. Wako watakaosema: mnaona, Lukwiya alijitoa mpaka kufa, na wajitoleaji wetu wanalia juu ya feza ya taksi. Sisi tunasoma historia hii kwa njia nyingine.

Kwanza, kulipwa hakuchafui roho, na kutolipwa hakuisafishi. Lukwiya alikuwa munganga wa kazi, mwenye mke na watoto watano wa kulisha. Sisi wa tereni pia tunapokea mshahara kila mwezi, hatufichi. Kama mshahara ungekuwa alama ya roho mbaya, basi sisi njo tungekuwa wa kwanza kuhukumiwa, mbele ya mama anayetembea kwa miguu kutoka Ruashi mpaka Katuba kumfuata mgonjwa. Roho ya mtu inaonekana siku faida inapokuwa ndogo na hatari inapokuwa kubwa. Siku ile uliza: nani amebaki, na nani ameingia wa kwanza?

Pili, mtu mwenye kuwapenda wafanyakazi wake anawatafutia glavu. Kitu cha kwanza ambacho Lukwiya alifanya, mbele hata ya kujua jina la ugonjwa, ni kuwavika wenzake. Alijua kwamba upendo bila vifaa unajaza makaburi, na Kikwit ilikuwa imekwisha kuonyesha hivyo. Halafu yeye mwenyewe alikufa juu ya kitu kimoja kilichokosekana usoni pake asubuhi moja ya haraka. Basi mtu asije kutuambia kwamba kuomba glavu ni kukosa imani ao kukosa roho. Kumtuma mtu kwa mgonjwa wa kifua kikuu bila maska, na kumwita mtakatifu akikohoa, hiyo si sadaka yake. Ni uzembe wetu.

Tatu, anayeogopa asitukanwe. Lukwiya aliwafungulia watu mlango wa kwenda, na wengi walibaki. Wale wajitoleaji wawili wasioonekana siku hizi, tunaomba mtu mzima mmoja katika kartie yao awaendee kwa heshima, awasikilize, awaambie kwamba nafasi yao iko.

Nne, swali la roho safi linatuhusu sisi pia. Wanachama wana haki ya kujua kila franka inayoingia na njia inayotokea. Tumeomba kamati ibandike hesabu kwenye ubao wa ofisi kila mwezi, zile za taksi na zile za mafuta ya gari letu sisi wa tereni, pamoja, katika karatasi moja, ili kila mtu alinganishe.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mnapenda kusoma juu ya watu waliojitoa, na ni vizuri. Lakini feza ya glavu, sabuni, maska na taksi huwa ya kwanza kukatwa katika bajeti, kwa sababu haipigwi foto. Tunawaomba muitazame kwa macho mengine. Wajitoleaji wetu 14 hawaombi utajiri. Wanaomba wafike kwa mgonjwa wakiwa hawajachoka, na warudi kwao salama, wale bukari na watoto wao.

Mkutano mkuu utasikiliza jambo hili kabla ya yote. Njooni wengi, na mje na mawazo. Aliyesema katika mkutano wa mwisho kwamba tumbo halijui kujitolea alisema kweli. Nasi tunaongeza kwamba kuko watu ambao, hata tumbo likilia, hawamwachi mgonjwa. Kazi ya chama njo kuhakikisha kwamba watu kama hao hawabaki peke yao.

Tuko pamoja.